Mbwa Anajilamba Pua Bila Kukoma: Uanzie Wapi Kutafuta Chanzo

Bobi alianza Jumapili jioni, saa moja hivi, wakati tunaosha vyombo. Ulimi unatoka, unapanda mpaka juu ya pua, unarudi, anameza mate. Hujahesabu mpaka tano, umetoka tena. Mama jirani alichungulia akasema, "Huyo kala sumu, mnywesheni maziwa." Mdogo wangu akasema ni mafua. Nilichokiogopa mimi sikukitamka. Asubuhi daktari wa mifugo alimchoma sindano ya usingizi, akamfungua mdomo na kumulika tochi. Kipande cha ubavu wa mbuzi, urefu wa kidole gumba, kilikuwa kimejibana kwenye kaakaa, kimeshikwa na magego ya kulia na ya kushoto. Alikitoa kwa koleo, haikuchukua hata dakika. Usiku kucha mbwa alikuwa anajaribu kukisukuma kwa ulimi, na sisi tuliona pua tu.

Tangu siku ile, kila anayeniuliza habari ya mbwa anayejilamba pua namrudishia maswali mawili. Anajilamba wakati gani? Na kuna nini kingine kinachoambatana na kulamba huko? Kulamba pua peke yake hakukutajii ugonjwa. Anayekutajia ni yule mwenzake: chafya, kukataa chakula, harufu ya mdomo, damu, kutetemeka, hofu.

Kulamba kusiko na shida

Mbwa mzima hujilamba pua mara nyingi kwa siku. Pua yake inafanya kazi vizuri ikiwa na unyevu, kwa sababu chembe za harufu hunasa kwenye ule utelezi. Ulimi nao huzibeba chembe hizo mpaka mdomoni, ambako juu ya kaakaa, nyuma ya meno ya mbele, kuna kiungo kidogo cha harufu kinachoitwa kiungo cha Jacobson. Ndiyo maana utamwona akijilamba sana anaponusa mahali alipokojoa mbwa mwingine. Unyevu huo pia humpoza kidogo, maana jasho la mbwa hutoka hasa nyayoni, na joto lingine hulitoa kwa kuhema.

Basi akijilamba baada ya kunywa maji, baada ya kula, anapokuona unakata nyama, au alipotoka kuchimba chini na pua imejaa vumbi, mwache. Kinachotakiwa kukushtua ni mabadiliko: mbwa aliyekuwa halambi sana sasa analamba akiwa amelala, usiku, bila chakula karibu, dakika kwa dakika, au analamba mpaka ngozi ya pua inakuwa nyekundu.

Neno moja kuhusu pua baridi. Wengi tulilelewa tukiambiwa kwamba pua baridi ni afya na pua kavu ni homa. Si kipimo. Mbwa aliyetoka kulala juani ana pua kavu na ya moto, na ni mzima kabisa. Mwenye homa kali anaweza kuwa na pua mbichi. Homa hupimwa kwa kipimajoto kinachoingizwa njia ya haja kubwa. Mbwa mzima huwa kati ya 38.3 na 39.2, akipita 39.5 hali hajakimbia wala kukaa juani, hiyo ni homa.

Kabla hujafungua mdomo wake

Hapa naomba usome polepole, hata kama una haraka.

Mbwa mwenye mfupa uliokwama na mbwa mwenye kichaa wanaweza kufanana sana. Kichaa cha mbwa si lazima kiwe cha kukimbia na kuuma hovyo. Kuna aina ya kimya: taya linalegea, mate yanadondoka, kumeza kunamshinda, analambalamba, sauti inabadilika. Mwenye mbwa anadhani kuna kitu kimekwama kooni, anaingiza mkono kukitafuta. Watu wameambukizwa namna hiyo bila hata kuumwa, kwa mate kugusa mkwaruzo mdogo wa kidole. Na ugonjwa huu ukishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo.

Kwa hiyo tazama kwa macho kwanza. Je, ana chanjo ya kichaa ambayo muda wake haujapita? Je, miezi ya karibuni alipigana na mbwa asiyejulikana, mbweha, au alirudi na jeraha usilolijua chanzo? Tabia yake imebadilika: mpole amekuwa mkali, mkali amekuwa mpole kupita kiasi, anajificha, anatembea kama hana nguvu nyuma, anauma mawe na vijiti? Kama hana chanjo na mojawapo ya hayo lipo, usimguse. Mfungie mahali peke yake, watoto wakae mbali, piga simu kwa ofisi ya mifugo. Kama mate yake yamekwishagusa kidonda chako au amekuuma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaanze chanjo. Usingoje kuona mbwa atakuwaje.

Bobi alikuwa na chanjo ya mwaka ule, na bado sikuweka mkono wangu mdomoni mwake. Nashukuru.

Analamba, anakwaruza mdomo kwa mguu, anadondosha chakula

Hii ni shida ya mdomo, na kwa maoni yangu ndiyo inayopitwa kuliko zote, kwa sababu mbwa halii akiumwa jino. Anaendelea kula. Angalia namna anavyokula: anatafuna upande mmoja, anachukua tonge la ugali kisha analitema, anakimbilia sahani halafu anasita. Anasugua shavu kwenye mkeka au ukutani. Mdomo unanuka kuliko kawaida.

Kama mwenendo wake ni ule ule wa siku zote na chanjo ipo, inua mdomo wa juu kwa kando, usiutanue, umulike. Mbwa mzima ana meno 42, kwa hiyo kuna mengi ya kukagua, lakini matatu ndiyo hutoa taarifa zaidi. Moja ni lile gego kubwa la juu, la nne kuhesabu kutoka nyuma ya chonge. Hilo ndilo hupasuka mbwa anapotafuna mfupa mgumu au jiwe, na mzizi wake ukioza uvimbe hujitokeza chini ya jicho. Watu humpeleka mbwa kwa shida ya jicho kumbe ni jino. Mengine mawili ni chonge za juu. Ugaga, ule uchafu mgumu unaoganda kwenye meno, ukikaa miaka huula ufizi mpaka mfupa, na kwa sababu mzizi wa chonge unapakana na pua, hutoboka tundu kati ya mdomo na pua. Mbwa wa namna hii hupiga chafya akimaliza kula, kamasi hutoka tundu moja, naye hujilamba kutwa nzima.

Mfupa ukikwama kwenye kaakaa, kama wa Bobi, dalili huja ghafla, saa chache baada ya kula, na mbwa hahitaji siku kuonyesha. Anahangaika papo hapo. Usiuvute kwa nguvu ukiwa nyumbani. Ukivunjika, ncha inaingia ndani zaidi, na mbwa mpole kuliko wote atauma akiumizwa.

Kwa mtoto wa mbwa wa miezi mitatu hadi saba, jibu mara nyingi ni rahisi: meno ya utotoni 28 yanang'oka na mengine yanaota. Ufizi unawasha, analamba, anatafuna viatu. Mpe kitambaa kilicholoweshwa maji baridi.

Analamba, anamezameza, anatafuta majani

Hiki ni kichefuchefu. Mate yanajaa, anayameza, analamba pua na midomo, wakati mwingine analamba sakafu na ukuta. Mwaka 2012 watafiti wa chuo kikuu cha Montreal, Kanada, waliwachunguza mbwa 19 waliokuwa na tabia ya kulamba sakafu na vitu bila kuacha, tabia iliyodhaniwa kuwa ya akili tu. 14 kati yao walikutwa na tatizo la tumbo au utumbo. Kwa hiyo usiseme haraka kwamba mbwa wako ana mazoea mabaya.

Mara nyingi chanzo ni sahani. Makombo ya karamu yenye mafuta mengi, mchuzi wenye vitunguu, dagaa waliooza, takataka za jalalani. Kama ametapika mara moja, bado ana uchangamfu na anakunywa maji, mpumzishe chakula kwa nusu siku (si mtoto wa mbwa, huyo asishinde njaa), kisha mpe wali laini na kuku wa kuchemsha asiye na mifupa, kidogo kidogo.

Kuna chanzo kingine cha sahani ambacho kwetu hakitajwi vya kutosha: unga wenye ukungu. Mahindi yaliyoharibika, yale tunayosema hayafai kwa watu, ndiyo huishia kuwa ugali wa mbwa. Ukungu huo hutoa sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Ni sumu ile ile iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Kwa mbwa hushambulia ini: anakataa chakula, anatapika, anazidi kulegea, ufizi na weupe wa macho vinageuka manjano, choo kinakuwa na damu. Chakula kisichofaa kwa mtoto wako hakimfai mbwa pia. Hili nalisema kwa uchungu, maana nimewaona mbwa wa boma moja wakiondoka mmoja baada ya mwingine, na gunia lile lile likiendelea kutumika.

Kama kichefuchefu kinakuja na kuondoka kwa wiki kadhaa, mbwa anakonda, anarudisha chakula kikiwa kizima kizima na kudondosha mate, muulize daktari kuhusu Spirocerca lupi. Ni mnyoo unaojenga vinundu kwenye umio, na uko kwetu Afrika Mashariki. Mbwa huupata kwa kula yule mdudu anayeviringisha mavi ya ng'ombe, au kwa kula mijusi na kuku waliomla mdudu huyo. Dawa ya kawaida ya minyoo ya dukani haitoshi kuumaliza. Ukiachwa, vinundu vinaweza kugeuka saratani.

Kwa mbwa mzee anayekunywa maji mengi na kukojoa sana, huku mdomo ukitoa harufu kali na vidonda vimetokea kwenye ulimi, fikiria figo. Hapo ni kipimo cha damu tu kitakachojibu.

Na kuna moja lisilosubiri hata kupambazuke. Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu, kama German Shepherd, analamba na kumeza, anajaribu kutapika na hakitoki kitu, tumbo linavimba na kukaza kama ngoma, hatulii mahali. Tumbo lake limejaa gesi na huenda limejipinda. Ana saa chache tu.

Chafya, kamasi, au damu puani

Swali la kwanza: tundu moja au yote mawili? Chukua unyuzi wa pamba, ushike mbele ya kila tundu, uone kama unapepea. Tundu lisilopepesha pamba limeziba.

Tundu moja, ghafla, chafya mfululizo mpaka anagonga pua chini, baada ya kukimbia porini: mara nyingi ni mbegu ya nyasi yenye mkia, ile inayong'ang'ania soksi zako. Huingia kirahisi, na vijinywele vyake huizuia kurudi. Chafya zinaweza kupungua baada ya siku mbili ukadhani amepona, kumbe imezama zaidi na kamasi ya usaha inaanza.

Tundu moja, polepole, damu inayorudi rudi, pua imevimba upande: kwa mbwa wanaozurura na kupandana ovyo, kuna uvimbe wa kuambukiza ambao kwa kawaida huota sehemu za siri, lakini mbwa wakinusana na kulambana chembe zake hupandikizwa puani. Unaonekana wa kutisha, na wapo wanaompiga mbwa risasi kwa sababu yake. Msifanye hivyo. Hutibika vizuri sana kwa sindano za kila wiki za vinkristini, dawa ya saratani, kwa wiki kadhaa. Kwa mbwa mzee mwenye pua ndefu huenda ikawa saratani ya aina nyingine, na hiyo ni kazi ya picha na kipande cha nyama kupelekwa maabara.

Yote mawili, damu, na mbwa ana kupe au aliwahi kuwa nao: homa ya kupe. Kijidudu kiitwacho Ehrlichia, kinachoenezwa na kupe wa kahawia wa mbwa, hupunguza chembe zinazogandisha damu, na damu puani huwa mojawapo ya dalili zake. Babesia, kinacholetwa na kupe pia, hula damu yenyewe. Ufizi unapauka na mkojo unaweza kuwa wa rangi ya kahawa. Bonyeza ufizi kwa kidole kisha uachie. Wekundu ukichelewa kurudi zaidi ya sekunde mbili, au ufizi wote ni mweupe kama chaki, usilale naye nyumbani.

Yote mawili, kamasi nzito ya manjano, macho yana tongo, homa, hasa kwa mbwa mdogo asiyechanjwa: distempa. Baadaye pua na nyayo hukauka na kuwa ngumu, kisha taya huanza kucheza kama anatafuna kitu kisichokuwepo. Haina dawa ya kuua kirusi chake. Matibabu ni ya kumsaidia apigane nacho, na chanjo ndiyo kinga.

Amejilamba sana baada ya kuogeshwa dawa ya kupe

Dawa ya josho la ng'ombe haikupimwa kwa mwili wa mbwa. Watu huchanganya kwa macho, wanammwagia mbwa, naye anajilamba mpaka akauke. Baada ya muda mfupi mate yanamwagika, anatetemeka, anaharisha, mboni za macho zinakuwa ndogo kama tundu la sindano. Hiyo ni sumu. Vaa glavu, mwoshe kwa maji mengi na sabuni ya vyombo, mfunike asipate baridi, mkimbize kwa daktari pamoja na chupa ya dawa yenyewe. Chupa ni muhimu, kwa sababu tiba ya aina moja ya sumu si tiba ya nyingine. Maziwa hayasaidii, na mafuta ya kula yanaweza kuharakisha sumu kuingia mwilini.

Ngozi ya pua yenyewe

Kukwaruzwa na paka, kuumwa na siafu au nyuki, pua nyeupe au ya waridi iliyoungua na jua. Hizi unaziona kwa macho. Pua nyeusi ikianza kupoteza rangi, na vile vijimistari vyake kama ngozi ya mamba vikafutika ikawa laini na kutoka vidonda, huo mara nyingi ni ugonjwa wa kinga ya mwili, na jua huuzidisha. Usipake krimu ya watoto yenye zinki, kwa sababu atailamba na zinki ni sumu kwake.

Analamba ukimkaribia

Mbwa anayelamba pua haraka haraka, akigeuza uso pembeni au kupiga miayo, pale unapomkaripia, mtoto anapomkumbatia shingo, au mgeni anapomwinamia, anaomba nafasi. Mwalimu wa mbwa wa Norwei, Turid Rugaas, alizifanya ishara hizi zijulikane sana kama ishara za kutuliza. Ukizisoma mapema, mtoto hataumwa. Mwondoe mtoto, si mbwa. Usimpige mbwa kwa kulamba, maana ukimfundisha kuficha onyo atakuja kuuma bila onyo.

Mara chache kulamba hutoka kwenye ubongo: mbwa anaganda, macho hayakuoni, analamba hewani kwa dakika moja, kisha anazinduka kama kwamba hakuna kilichotokea. Ukimwita hasikii. Hicho kinaweza kuwa kifafa kidogo.

Usimpe, na uende na nini

Usimpe parasetamoli, ibuprofeni wala diklofenaki ya nyumbani. Dawa hizo zinaweza kumtoboa tumbo, kuharibu figo au ini, kwa dozi ambayo kwako ni ya kawaida. Usimtapishe kwa chumvi.

Mrekodi kwa simu akiwa analamba, nusu dakika inatosha, kwa sababu wengi wakifika kwa daktari huacha kwa woga. Andika alianza lini, analamba zaidi kabla ya kula au baada, tundu lipi linatoa kitu, alikula nini siku mbili zilizopita, mara ya mwisho kuogeshwa dawa, na tarehe ya chanjo. Kadi yake uiweke mfukoni. Na kama kuna mtu yeyote nyumbani aliyeumwa, au aliyelambwa mahali penye kidonda, mwambie daktari hilo kabla ya mengine yote.